Breki Inalia Kulia

Jumanne, 1 Novemba

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Sirangkap, walio hai na waliolala makaburini juu ya mashamba ya viazi, kwamba leo saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, kwenye kona ya kwanza chini ya msikiti, breki ya gari langu imelia. Imelia mara tatu, ikanyamaza. Hakuna aliyejeruhiwa. Mbuzi mmoja aligeuza shingo.

Naandika kwa sababu mvua zimeanza, na kwa sababu ninalo daftari. Nilikuwa mtunza shule na mpiga kengele kwa miaka thelathini na moja. Siku ya kustaafu nilipewa saa ya ukutani isiyotembea na daftari hili la mahudhurio, ambalo kila ukurasa una safu mbili: yupo na hayupo.

Gari lina umri wa binti yangu Endah, miaka ishirini na minane, ila Endah ameolewa. Kila Jumanne na Ijumaa linamteremsha mke wangu, Mama Endah, kutoka huku mlimani hadi hospitali ya mjini Wonosobo akasafishwe damu kwa mashine, maana figo zake ziliacha kazi mwaka juzi bila kutoa notisi. Ni kilomita ishirini na sita. Kupanda si shida. Gari bovu hupanda polepole, basi. Shida ni kuteremka.

Ijumaa, 4 Novemba

Kilio cha breki: yupo. Baada ya kukanyaga mara tatu: hayupo.

Jumapili, 6 Novemba

Jirani yangu Ponirah, ambaye hushinda kizingitini akichambua viazi vikubwa na vidogo, ameniita.

"Pak Kasmudi, gari lako Ijumaa lilinitoa kitandani. Nilidhani mama mkwe amefufuka."

"Ni kutu tu, Yu Ponirah. Mvua ikinyesha usiku, diski za breki zinaota kutu. Ukikanyaga mara tatu, inafutika."

"Ehe. Hata mama mkwe alianza hivyo hivyo, na kutu kidogo."

Jumanne, 15 Novemba

Leo haikunyamaza. Kwiii, kutoka msikitini hadi Kejajar. Nyembamba, ya puani, kama mtoto anayekataa kuoga. Nilishusha kioo changu nisikie vizuri, mvua ikaniingia shingoni, nikasikia: mbele, upande wa kulia. Sina shaka. Mtu aliyekuwa akijua kwa sikio ni mtoto gani wa darasa la tatu aliyeigusa kengele kabla ya wakati hawezi kukosea gurudumu.

Mama Endah anasema mguu wake wa kushoto unatetemeka garini. Nikamwambia ni figo. Daktari alishaonya kuhusu miguu. Akatazama nje.

Nimeandika: breki inalia kulia. Nimeisoma mara mbili, imenipendeza.

Alhamisi, 17 Novemba

Nimekwenda kwa fundi. Fundi wetu ni Pak Tukijan, na mwanawe ndiye mume wa Endah. Wazazi wa waliooana huku tunaitana besan, na besan ni mtu unayeogopa kumkosea kuliko polisi. Kupeleka gari kwa fundi mwingine ni kumvua nguo sokoni. Na Endah anaishi nyumbani kwake, anapika katika jiko lake.

Halafu kuna suala la lugha. Yetu ina ngazi. Kuna ya jikoni, ya kusemeshana na mke, watoto na kuku. Na kuna ya heshima, ya wakubwa na besan. Ya heshima inafaa sana kwa mazishi, kwa kuomba radhi na kwa kukataa chakula unachokitamani. Ila haina milio. Ndani yake hakuna kitu kinachoweza kulia kwiii. Mtu mwenye adabu hawezi kukunja midomo na kupiga kelele za gari mbele ya besan.

"Niwieni radhi, Pak Besan, kwa kuwakatiza kazini," nikasema.

"Mimi ndiye wa kuomba radhi, Pak Besan. Karakana yangu haifai kukanyagwa na miguu yenu."

"Gari la mtumishi wenu limepatwa na… jambo la kusikika."

"Inggih."

"Nikiruhusiwa kusema, ni upande wa kulia, mbele."

"Inggih." Alikuwa akiutazama mdomo wangu kana kwamba nina punje ya wali kwenye masharubu.

"Si jambo la kupendeza masikioni."

"Inggih, inggih. Kulia."

Inggih ni ndiyo ya heshima. Maana yake yaweza kuwa nimekubali, au nimesikia, au endelea kusema, au nawaheshimu, au nendeni salama. Kila mtu hapa anajua hivyo tangu utotoni. Mimi pia najua. Nimerudi nyumbani nimeridhika kwamba amekubali.

Jumamosi, 19 Novemba

Gari limerudi. Pedi mpya za breki, upande wa kulia. Alilileta mwenyewe, viatu vyake amevishika mkononi asinichafulie gari. Adabu iliyoje.

Jumanne, 22 Novemba

Mvua haikunyesha. Kimya, au karibu na kimya. Besan wangu ni fundi wa kuzaliwa.

Ijumaa, 25 Novemba

Mvua. Kwiii.

Ijumaa, 16 Desemba

Nimejumlisha: mara saba mfululizo, yupo. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuhudhuria hivi.

Jumanne, 20 Desemba

Kwenye mteremko wa pili, ule uliochongwa kwenye jabali, ililia mpaka mwenye pikipiki aliyekuwa mbele akatupisha. Mama Endah akafunga macho.

"Mwambie tena Tukijan," akasema.

"Nitamwambiaje tena? Kumwambia tena ni kumwambia hakufanya."

"Si kweli hakufanya?"

"Amefanya. Alisema inggih."

"Haya," akasema. "Basi tufe kwa adabu."

Jumanne, 10 Januari

Udongo umeporomoka usiku, barabara imezikwa. Nilifika mpaka kwenye tope nikaona juu yake mti mzima umesimama wima, majani yake kijani, kana kwamba uliota hapo tangu zamani. Tukageuza.

Jumatano, 11 Januari

Mvua. Barabara bado. Mama Endah anapimiwa maji kwa kikombe cha dawa, na bado miguu imejaa. Nikibonyeza kifundo, shimo la kidole linabaki. Anasema halimuumi, ila nisiendelee kubonyeza kama nanunua parachichi.

Alhamisi, 12 Januari

Jana hakulala chini. Alilala ameketi, mgongo ukutani, na kifua chake kilikuwa kinatoa sauti ya msumeno unaokata mti mbichi. Mimi nilikaa naye nikisikiliza. Ndiyo kazi niliyoijua maisha yangu yote, kusikiliza, na haikumsaidia chochote.

Asubuhi wakafungua njia ya gari moja moja. Niliteremka nikiwa wa tatu kwenye foleni. Breki ililia njia nzima, na kwa mara ya kwanza sikuisikiliza, nilisikiliza msumeno wa kifuani mwake. Ulipokuwa unakatika kidogo, mimi nilikuwa naongeza mwendo. Ukirudi, nakanyaga. Kona ya jabali nikakanyaga kwa nguvu, gari likavuta pembeni kama punda aliyeona kitu.

Hospitalini muuguzi, mwanamke mfupi asiyecheka, alimpima uzito, akanitazama mimi.

"Bapak, umemkosesha siku mbili."

"Barabara ilikuwa—"

"Najua barabara. Nakwambia kuhusu mkeo. Siku mbili amerudi hivi. Ikifika nne, usije na gari. Njoo na imamu."

Hakuna usafiri mwingine wa kumfaa. Mabasi madogo yanajaa tangu juu, na akitoka kwenye mashine hawezi kusimama. Magari ya mboga yanaondoka saa nane za usiku, na yeye mgongoni mwa kabichi, kwenye mvua, hapana. Ni gari hili au hakuna.

Jumanne, 17 Januari

Yupo.

Nimeanza kumfikiria Pak Tukijan vibaya. Naliandika hapa kwa kuwa hakuna pa kulisemea. Mtu anayeambiwa jambo akajibu inggih, kisha asifanye, ni mvivu au ni mjanja. Jana tulikutana msikitini. Nikasema kwa upole, "Mvua ni nyingi mwaka huu, Pak Besan, na mteremko ni ule ule." Akajibu, "Inggih, alhamdulillahi." Alhamdulillahi ya nini?

Jumanne, 31 Januari

Yupo. Ponirah anasema sasa halihitaji honi.

Jumanne, 14 Februari

Sauti imebadilika. Si kwiii tena. Ni krrr, nzito, kama mtu anayekwangua ukoko wa wali kwenye sufuria ya chuma. Nilifurahi kwa muda mfupi kwa sababu ile ya puani imekwisha. Halafu nikakumbuka kuwa Mama Endah naye, kabla ya figo kukata, aliacha kulalamika.

Alhamisi, 16 Februari

Nimekwenda tena. Nilijiandaa njia nzima kama mtu anayekwenda kuposa.

"Pak Besan, naomba radhi mara elfu. Lile jambo la kusikika limerudi. Limenenepa."

"Inggih."

"Upande ule ule. Kulia."

Kisha akaliinua gari kwa jeki, akafungua gurudumu la kulia mbele ya macho yangu, akanionyesha pedi. Nene kama biskuti.

"Zinaonekana bado zina afya," akasema kwa sauti ya chini, "ila masikio ya Pak Besan ndiyo yanayojua."

"Yamesema kulia."

"Inggih. Kulia."

Akazunguka mbele ya gari. Nilimwona akiweka kiganja kwenye gurudumu la kushoto, akakiondoa haraka kama aliyegusa birika. Akafungua mdomo. Nikasubiri. Akaufunga. Akachutama tena kulia, akasugua kila kitu kwa msasa, akapaka grisi, akanisindikiza mpaka barabarani akiwa ameinama.

Huyu ni tapeli. Nimemwoza binti yangu kwenye ukoo mzima wa matapeli.

Ijumaa, 24 Februari

Krrr. Mama Endah anashika mpini wa mlango kutoka msikitini mpaka mjini. Kwenye mashine wakamuuliza kwa nini viganja vyake vina malengelenge.

Ijumaa, 10 Machi

Pedeli inashuka chini zaidi kuliko Jumanne. Nimejiambia ni kiatu changu kipya.

Jumanne, 14 Machi

Nimeosha mikono mara tano na daftari bado linanuka. Nitaandika kwa mpangilio.

Tuliondoka saa kumi na moja na nusu. Ukungu, mvua nyembamba. Krrr kwenye kona ya msikiti, krrr kwenye mteremko wa kwanza. Mbele yetu lori la kabichi likienda polepole. Mama Endah alikuwa akisema kwamba Endah ameanza kula vitu vichachu asubuhi na kwamba nisijifanye sikuona. Nikaingia mteremko wa jabali, nikakanyaga.

Pedeli ikaenda mpaka chini. Haikugoma, haikuuma, ilishuka tu, kama mguu unaoingia matopeni. Nikakanyaga tena. Na tena. Hakukuwa na krrr wala kwiii. Miezi minne na nusu nilikuwa naomba kimya, na kimya ndicho kilichonijia, pale.

Nikatoa gia ya tatu nikaingiza ya pili. Injini ikapiga ukelele, gari likapungua, lakini mteremko ulikuwa unalisukuma. Nikavuta breki ya mkono. Matairi ya nyuma yakateleza, mkia ukataka kutangulia. Nikaachia. Nikavuta kidogo kidogo. Nyuma ya lori ilikuwa inakuja: niliziona kabichi moja moja, niliona moja ina tundu la kiwavi.

"Baba Endah," mke wangu akasema. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayeniomba nimpitishie chumvi. "Magunia."

Kushoto, kwenye ukingo, wakulima walikuwa wamepanga magunia ya mbolea ya kuku, safu nne kwenda juu, yakingoja kubebwa shambani. Nyuma yake bonde. Nikakata usukani.

Hatukugonga, tulizama. Magunia ya mbele yakapasuka, ya juu yakatuangukia, na kwa kuwa kioo changu kilikuwa chini kama kawaida yangu, nusu gunia likaingia ndani kunisalimia. Injini ikazima. Mvua ikaanza kuifanya ile mbolea uji.

"Tuko hai?" akauliza.

"Tuko hai."

"Basi fungua mlango. Pumzi hii siwezi kuivuta mara mbili."

Mikono yangu haikutoka kwenye usukani. Ilibidi aibandue yeye, kidole kimoja kimoja, na yeye ndiye mgonjwa.

Mkulima mmoja akateremka mbio kutoka shambani na mwavuli. "We mzee! Hayo magunia yangu!"

"Inggih," nikasema. Sikuwa na neno jingine kichwani.

Akamwona Mama Endah, akaona bandeji ya mshipa mkononi mwake, akafunga mwavuli. Alitupeleka mjini na pikapu yake, vioo vyote chini, bila kuuliza kitu. Hospitalini muuguzi asiyecheka alituangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaenda kuchukua barakoa ya pili, akaivaa juu ya ile ya kwanza.

Nilimshika mke wangu mkono saa zote nne za mashine. Nilimwambia ni kwa sababu kiti kilikuwa karibu.

Jumatano, 15 Machi

Kijiji kizima kinajua. Saa tatu asubuhi Pak Tukijan alifika amevaa shati la batiki, lile la harusi, na mkungu wa ndizi. Aliketi ukingoni mwa kiti. Mimi nikaketi ukingoni mwa changu.

"Pak Besan," akaanza, "nimekuja kuuleta uso wangu uliochakaa mbele yenu."

"Ni mimi, Pak Besan, niliyewasumbua kwa gari lisilo na thamani."

"Hapana, kosa lote—"

"Nisameheni, kosa ni langu—"

Mama Endah akatoka jikoni na kijiko cha kukaangia mkononi. Hajawahi kuinua sauti mbele ya besan tangu watoto waoane.

"Mmemaliza?" akasema, kwa lugha ya jikoni, ile ya kuku. "We Tukijan. Gari linasema kwiiii tangu Novemba. Halafu likasema krrrr. Unanisikia nikisema kwiiii?"

Nikatamani sakafu inimeze. Pak Tukijan alikuwa akimtazama mdomoni.

"Nakuona ukisema," akajibu. "Sikusikii."

Mafuta ya kukaangia tempe yetu ya soya yalikuwa yanachemka jikoni. Hakuna aliyekwenda kuyatazama.

"Sauti nyembamba zimenihama," akasema, naye kwa lugha ya jikoni. Mara ya kwanza maishani nilimsikia. "Nyundo, miaka arobaini. Birika likipiga mluzi, ni Endah anayekuja kuliondoa. Mimi nasikia vitu vinene tu. Lori. Bedugu, ngoma ya msikitini. Mke wangu."

"Na hukusema?" nikauliza.

"Fundi kiziwi atapata gari la nani?"

"Kwa hiyo ulipokuwa unasema inggih, inggih, kulia…"

"Nilijua ni kushoto."

Nilisimama. Sikumbuki kusimama, lakini nilijikuta juu.

"Kaa chini," akasema mke wangu. "Amwage yote."

"Mimi breki nazisikia kwa nyayo," akasema Tukijan. "Navua viatu. Siku ile ya kwanza nilipolirudisha kwako, sakafu ya kushoto ilikuwa inawasha. Mwezi uliopita gurudumu la kushoto lilikuwa la moto, la kulia baridi. Usiku nikaja uani kwenu, nikachungulia kushoto kwenye matundu ya ringi bila kulifungua, nikaona pedi ya nje nene, nikajidanganya. Wewe ulikuja ukasema kulia. Ukaja tena ukasema kulia. Mimi sisikii, nitabishana vipi na masikio ya besan?"

"Ungeniambia nimekosea!"

"Kwa lugha ipi? 'Niwieni radhi, Pak Besan, masikio yenu matukufu yanadanganya'? Nilijaribu nyumbani mbele ya kioo. Sentensi haikufika mwisho."

"Hayadanganyi," nikasema. "Nilisikia kulia kwa masikio yangu haya."

"Kioo chako kilikuwa chini?"

"Kila mara."

"Na ukiteremka, jabali liko upande gani?"

Nikainua mkono wa kulia. Nikaushusha.

"Ulikuwa unalisikiliza jabali, Mudi," akasema Tukijan. Hakuna mtu aliyeniita Mudi tangu mama yangu afariki. "Sauti inatoka kushoto, inapiga jabali, inakurudia dirishani. Mara mbili umeniletea jabali nilitengeneze."

"Na kushoto nani anakaa?" akauliza Mama Endah. "Mimi. Nilimwambia mguu wa kushoto unatetemeka. Akaniambia ni figo."

Nikasema hakuniambia. Akaingia chumbani, akaleta daftari hili, akafungua tarehe kumi na tano Novemba, akaliweka juu ya ndizi. Sikujua kwamba analisoma. Tukijan alisoma akifuatisha kwa kidole, na alipofika palipoandikwa breki inalia kulia, na kwamba imenipendeza, alianza kutikisika mabega. Nilidhani analia.

Tempe yote iliungua. Tuliila hivyo hivyo.

Alhamisi, 16 Machi

Lori la viazi lilivuta gari hadi karakana. Tumefungua kushoto, mimi na Tukijan. Pedi ya nje: nene. Ya ndani: hakuna. Kimebaki kipande cha chuma kitupu kilichokuwa kinakwangua diski mpaka kikaifanyia mifereji. Kifaa kinachozibana pedi kilishikwa na kutu, kikawa kinasukuma upande mmoja tu. Ya ndani ikafanya kazi ya mbili mpaka ikafa, pistoni ikatoka nje kama ulimi, mafuta ya breki yakamwagika. Ndiyo hayo tu. Mtu angefungua nati nne za upande wa pili mwezi Novemba angeyaona.

Aliniambia nizungushe gurudumu kwa mkono. Akavua ndala, akaweka wayo kwenye bamba la chuma lililobeba jeki.

"Linasemaje?"

"Krrr… tk. Krrr… tk."

"Hiyo tk iko wapi? Juu au chini?"

"Inapokuja kwako."

"Ni beringi. Nayo tubadilishe."

Tumeendelea hivyo mpaka adhuhuri, wazee wawili, mmoja akikoroma kwa mdomo na mwingine akijibu kwa miguu. Endah alituletea chai, akasimama mlangoni, akaenda kumwita mumewe aje aone.

Ijumaa, 17 Machi

Mama Endah ameteremka kwa pikapu ya yule mwenye magunia. Anaitwa Slamet Riyadin. Alikataa kuzungumzia magunia. Anampakia mbele, na mimi nyuma na vitunguu majani.

Jumanne, 21 Machi

Nyuma, na karoti.

Ijumaa, 24 Machi

Nyuma. Mvua kubwa. Nilipoingia kumchukua, muuguzi alikuwa akiwaeleza wagonjwa jambo fulani kwa sauti, na Slamet alikuwa anapiga honi nje kwa kuwa kabichi zake zinamngoja shambani. Tukaondoka.

Jumapili, 26 Machi

Gari tayari. Tumelijaribu kwenye mteremko mdogo wa nyuma ya shule, juu, chini, mara ishirini na moja. Tukijan pembeni yangu, peku.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu. Unahisi nini?"

"Sihisi kitu."

Nikazima injini.

"Kulikuwa na siku," akasema, "ulidhani nataka mfe?"

"Nilidhani wewe tapeli."

"Hmm," akasema. "Mimi nilidhani wewe unajua, ila unanistahi."

Jumanne, 28 Machi

Saa kumi na moja na nusu. Mama Endah mbele kushoto, soksi mbili mbili. Tukijan kiti cha nyuma. Hakualikwa, tulimkuta amesimama kwenye geti lake gizani, ndala mkononi, na alipoketi aliweka nyayo zote mbili sakafuni kama mtu anayesimama kwa ajili ya sala. Tukafika kona ya msikiti. Nilipandisha kioo changu mpaka juu. Mteremko wa kwanza, nilikanyaga, gari likapungua. Mteremko wa jabali. Niliona mahali palipokuwa na magunia, nyasi zimeanza kuota pale, za kijani kuliko zote barabarani. Shati langu lilikuwa limeloa jasho na nje kulikuwa na baridi ya kuvunja meno. Nikakanyaga.

Hakuna kitu. Hata krrr, hata tk. Gari likashika barabara likaenda pole, kama la watu wengine.

"Mguu?" nikamuuliza mke wangu.

"Umetulia."

"Huku nyuma pia," akasema Tukijan, ingawa hakuulizwa, na sijui aliona vipi mdomo wangu.

Kona zote kumi na saba nilizihesabu kwa sauti, na wao wakawa wananisahihisha. Baada ya Garung barabara ikanyooka, na Mama Endah akaachia mpini wa mlango, akautazama mkono wake, akauweka mapajani. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kucheka. Tuliingia uwanja wa hospitali saa kumi na mbili na dakika ishirini. Hapakuwa na gari jingine. Mlinzi alitoka kibandani mwake akiwa na glasi ya kahawa, akainama dirishani.

"Leo Nyepi, Pak, mwaka mpya wa Wahindu, sikukuu ya taifa," akasema. "Wagonjwa wa Jumanne ni kesho. Ijumaa muuguzi hakuwatangazia?"